Mguu Sawa

Asubuhi katika nchi hii haiji yenyewe. Hupigwa tarumbeta kambini, ndipo inakuwa asubuhi. Jua linaweza kuwa limeshachomoza na kupanda, watu wamekaa vitandani macho makavu, lakini kama tarumbeta haijalia hakuna anayethubutu kusema kumekucha. Na kwa kuwa sisi tunahesabu saa kuanzia kunapokucha, saa moja yetu ni ile ambayo kambi imeamua iwe saa moja. Nimewahi kuishi siku ambayo saa moja asubuhi ilikuja jua likiwa utosini. Tukanywa chai, tukaenda kazini, giza likaingia saa saba mchana, tukawasha taa na kuendelea na kazi. Hakuna aliyelalamika. Nalitaja hili kwa sababu msomaji atataka kujua mambo haya yalitokea lini, na swali la lini silijibu. Sina cha kulijibia.

Naitwa Mwinchande. Naliandika jina mapema, kwa maana baadaye halitatumika. Siku nilipoapishwa lilibaki getini pamoja na viatu vyangu vya zamani, na ndani ya Ikulu nikawa Mheshimiwa Rais, kama alivyokuwa aliyenitangulia na aliyemtangulia yeye. Mtu pekee aliyeendelea kuniita Mwinchande ni mke wangu, Saumu, na yeye alifanya hivyo kwa ukaidi, akilitamka kwa nguvu kila walinzi walipokuwa karibu.

Nilichaguliwa kwa kura nyingi. Nasema hivyo kwa sababu nilitangaziwa. Sikugombea kwa ajili ya barabara wala maji, na sikumdanganya mtu kuhusu hilo. Niligombea kwa ajili ya kaka yangu, Ngwali, ambaye amefungwa kambini. Katiba yetu, ambayo ni nzuri sana na imechapwa kwenye karatasi nene, inasema jeshi linaamriwa na mtu mmoja tu, naye ni Rais, Amiri Jeshi Mkuu. Nikawaza: kama ni hivyo, basi nitakuwa huyo mtu mmoja, nitasema “mwachieni”, na watamwachia. Nilipolisema hili majukwaani, watu walipiga makofi kwa muda mrefu. Karibu kila mmoja wao alikuwa na mtu wake mle ndani. Nilipanga nianze na wangu, kisha wa kwao.

Ngwali amekaa kambini muda gani? Siwezi kusema. Mtoto wake aliyekuwa tumboni siku alipochukuliwa ameshaota ndevu. Mtoto wangu, aliyezaliwa wiki hiyohiyo, bado ananyonya. Hatubishani juu ya hili katika familia. Kila mmoja anamlea wa kwake.

*

Ikulu na kambi zinatumia ukuta mmoja. Wageni huonyeshwa bustani, chemchemi na korido ya picha za marais, lakini ukuta hawaonyeshwi, kwa sababu ukuta ni ukuta tu. Hata hivyo, ukiweka kiganja juu yake utausikia ukitetemeka kidogo, na hapo utajua kwamba upande wa pili watu wanapiga mguu chini kwa pamoja. Vikombe vyetu vya chai vina duara ndogondogo juu ya chai wakati wote. Niliuliza, nikaambiwa ni upepo.

Siku ya kwanza ya Baraza la Mawaziri nilimkuta Jenerali Kihampa amesimama karibu na dirisha. Ni mtu mzima mwenye mvi safi, sauti ya chini na adabu nyingi. Akikupa mkono huushika wako kwa mikono yake miwili. Nikamwambia aketi. Akatikisa kichwa kwa masikitiko.

“Katiba inasema jeshi halina kiti katika Baraza, Mheshimiwa,” alisema. “Mimi siwezi kuvunja Katiba. Nitasimama hapa. Ninyi endeleeni tu.”

Sasa, sisi tumelelewa. Mtu mwenye mvi zake hawezi kusimama chumbani na sisi tumeketi. Waziri wa Kilimo akainuka kwanza, kisha wa Elimu, kisha wote, na mimi mwisho. Baraza likaendeshwa kwa kusimama siku ile, na siku zote zilizofuata. Viti vya ngozi tulivyonunuliwa vilibaki na nailoni zake. Jenerali hakusema neno lolote katika mikutano ile. Ila aliposogea kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, mawaziri walijua ajenda imekwisha.

Mwisho wa mkutano ule wa kwanza akanigeukia. “Mheshimiwa, wewe ndiye Amiri Jeshi Mkuu. Toa amri, mimi nitekeleze. Ndiyo kazi yangu.”

Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno yale tangu kwenye kampeni, bafuni, garini, kila mahali.

“Naomba mumwachie kaka yangu Ngwali, afande,” nikasema.

Mawaziri wakatazama viatu vyao.

Jenerali hakucheka. Alinitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyekunywa dawa isiyo yake. “Umeniita nani, Mheshimiwa?”

“Samahani, afande.”

“Ndiyo hilo tena.” Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. “Kwetu neno hilo halina heshima wala kiburi ndani yake. Ni ngazi tu. Anayelisema yuko chini, anayeambiwa yuko juu. Ninyi raia mnalitumia kwa kila aliyevaa buti, na hatuwalaumu. Lakini wewe umejiweka chini yangu mbele ya mashahidi. Nikipokea amri kutoka kwa aliye chini yangu nitakuwa nimevunja kanuni. Jeshi likianza kuvunja kanuni, raia wataishi vipi?”

“Basi nirudie.”

“Rudia. Na bila ‘naomba’. Amri haiombwi.”

Nikavuta pumzi. “Mwachieni Ngwali,” nikasema, nikafunga mdomo. Ikabaki nafasi. Kila mtu chumbani aliiona ile nafasi mwishoni mwa sentensi, imekaa wazi, inasubiri. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe na kuijaza.

“Pole sana, Mheshimiwa,” alisema Jenerali, na naamini alikuwa na pole ya kweli.

*

Neno ni la nani? La anayelisema, au la anayeambiwa? Nimelitembeza swali hili koridoni, mbele ya picha za walionitangulia, bila kupata pa kuliweka. Mimi ninalo hili neno tangu utotoni. Nililipata kama nilivyopata namna ya kula wali kwa mkono: hakuna aliyenifundisha, niliwaona wakubwa. Baba akisimamishwa njiani: ndiyo afande. Mama akiulizwa mzigo una nini: unga tu afande. Mwalimu, mchungaji, shehe, hakimu mstaafu, wote na elimu zao: hapana afande, asante afande, tumekosa afande. Nani alikosa nini? Hakuna aliyeuliza. Neno lilikuwa dogo, halikutugharimu kitu, tukalitoa kila mahali kama salamu. Na huko kambini, kumbe, walikuwa wakilipokea kwa maana yake. Sisi tunasalimia, wao wanapokea utii. Nchi nzima imejiandikisha jeshini kwa mdomo, watoto kwa wazee, na hakuna hata mmoja aliyepewa buti.

Au tulijua? Inawezekana tulijua.

*

Saumu alisema tatizo langu ni la mazoezi, basi tufanye mazoezi. Akavaa koti langu la mvua, akajichora masharubu kwa wanja, akasimama karibu na kabati mikono nyuma.

“Haya, amuru.”

“Mwachieni Ngwali, afande.”

Akacheka hadi masharubu yakachuruzika. “Mwinchande! Mimi mkeo! Umeniita afande na kanga yangu inaonekana hapa chini!”

Tukarudia. Nikamwita afande. Tukarudia nikiwa nimeuma kitambaa. Nikamwita afande ndani ya kitambaa. Mara ya mwisho hakucheka. Alikaa kitandani na koti langu, akajifuta wanja kwa kiganja, na nikaona analia.

“Unajua mimi ndiye niliyekuwa usukani siku ile,” alisema.

Nilikuwa najua. Ngwali ni mwalimu wa udereva, mwenye subira kuliko binadamu wote niliowahi kuwaona, na siku ile alikuwa anamfundisha Saumu. Lakini Saumu hakuwahi kunisimulia mpaka mwisho, nami sikuwahi kumuuliza.

“Tukakuta kamba barabarani. Shemeji akaniambia, kanyaga klachi kwanza, usiache gari lizimike. Nikasimama vizuri kabisa, hata akanisifu. Akaja kijana na bunduki, mdogo, chunusi zimejaa usoni. Akasema zima gari. Shemeji akamwambia, sawa bwana. Yule kijana akasema, sawa nani? Shemeji akasema, sawa bwana. Kijana akasema, niite afande. Na shemeji, unamjua alivyo, hakupandisha hata sauti. Akamwambia, ‘Mdogo wangu, mimi nimesimama kwa sababu ya kamba, na ungesema tushuke tungeshuka. Lakini afande ni neno la kwenu. Mimi si wa kwenu, nikikuita hivyo nitakuwa nakudanganya.’ Basi. Ndiyo kosa lake lote. Wakasema wanamchukua akafundishwe neno moja, atarudi jioni.”

Akakunja lile koti juu ya magoti.

“Yeye yuko mle kwa kulikataa. Wewe uko hapa unaligawa bure. Sijui nikuonee huruma au nikupige.”

Nilitamani anipige. Badala yake akaniandalia uji, tukanywa, na juu ya uji kulikuwa na duara ndogondogo.

*

Jenerali ndiye aliyenitafuta. Alinikuta koridoni, chini ya picha.

“Mheshimiwa, usione aibu. Wote hawa walianza hivyohivyo,” alisema akizionyesha picha kwa kidevu. “Mmoja wao aliniita afande hata kwenye hotuba ya uhuru. Niliwafundisha mimi mwenyewe. Ukitaka, nitakufundisha na wewe.”

“Kufundisha nini?”

“Kuamuru. Haiko mdomoni, ndiyo maana unahangaika. Iko miguuni.”

Nikazitazama picha upya. Nilikuwa nimepita hapo mara nyingi, nikaona sura, tai, tabasamu. Sasa niliona viatu. Katika kila picha, visigino vilikuwa vimegusana. Mwisho wa ukuta ilikuwapo fremu yangu, imeshatundikwa, na mchoraji alikuwa ameshachora mwili wote isipokuwa miguu.

Hilo lingemtosha mtu mwenye akili. Lakini nilikuwa na kaka kambini.

Mlango wa ukutani, ambao sikujua upo, ulikuwa nyuma ya pazia. Tukatokea uwanjani. Jenerali alinisimamisha juani na suti yangu.

“Mguu sawa!”

Visigino vyangu vikagongana. Hakuna aliyenifundisha hili pia. Tulilicheza sote shuleni, kwenye mistari, kabla ya kwenda darasani.

“Mguu pande!”

Mguu wa kushoto ukatoka pembeni, mikono ikaenda mgongoni, nikapumua.

“Umeona? Mwili unajua. Mguu sawa!”

“Ndiyo, afande!”

Nikashtuka, nikaomba radhi. Akaniambia hapa ruhusa, hapa mimi ni mwanafunzi na neno ni halali yake. Nitalisema mpaka liishe. Akaeleza, kwa uvumilivu uleule ambao Ngwali hufundishia udereva, kwamba hakuna mtu aliyewahi kuamuru kabla ya kuamriwa kwa muda wa kutosha. Nikaona ni maelezo ya haki. Mguu sawa. Mguu pande. Nyuma geuka. Nililisema neno lile mara nyingi hata likakosa ladha, likawa pumzi tu inayotoka mguu unapopiga chini.

Ilichukua muda gani? Suti yangu ilipwaya, ikabana, ikapwaya tena. Tarumbeta ililia tukiwa katikati ya kugeuka, na sikujua ni asubuhi ya siku ile au ya siku nyingine. Nilikula, nililala, nilisaini vilivyoletwa. Wakati fulani niliona kichwa cha mtu kwenye dirisha la kambi na nikadhani ni Ngwali, nikataka kupunga mkono, lakini mikono ilikuwa mgongoni na amri ya kuitoa ilikuwa bado.

Nyumbani Saumu alinitazama kwa namna ya mtu anayehesabu vyombo baada ya wageni kuondoka.

“Umesema ‘chai’,” aliniambia siku moja.

“Ndiyo. Chai.”

“Zamani ulikuwa unasema ‘naomba chai’.”

Nikamwambia ni uchovu. Akaleta chai, akaiweka, akasimama kando. Na hakuniita Mwinchande. Nikaona hilo, nikaona pia kwamba nimesimama visigino vimegusana mbele ya mke wangu, nikavitenganisha. Vikarudi.

*

Siku ya amri tulikuwa Barazani, sote tumesimama. Saumu alikuwapo, nilitaka ashuhudie. Mawaziri walikuwapo, viti na nailoni zao, Jenerali karibu na dirisha.

Sikuvuta pumzi. Visigino vikakutana, kidevu kikapanda, na sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia, ingawa ilitumia meno yangu.

“Jenerali Kihampa! Mlete Ngwali hapa! Sasa hivi!”

Nafasi ikabaki mwishoni mwa sentensi, kama siku zote. Ila safari hii haikuwa yangu kuijaza. Niliingoja. Na Jenerali, mzee yule wa mvi safi, akakaza mgongo, buti zikalia.

“Ndiyo, afande!”

Nilifurahi. Sitaficha. Nilifurahi mwili mzima, kuliko siku ya kura, kuliko siku nilipooa. Neno lililokuwa likitoka kwetu maisha yote lilikuwa limegeuka na kuja kwangu, na lilikuwa tamu, na nikafikiri: kumbe ndivyo lilivyo ukiwa upande huu. Waziri wa Elimu alianza kupiga makofi, kisha akaacha.

Jenerali akatoa kichwa dirishani, akasema jambo kwa walio chini. Kisha akarudi, akavuta kiti kimoja, akachana nailoni taratibu, akaketi. Tangu nimjue sikuwahi kumwona ameketi. Nikadhani amechoka. Nikataka kumkumbusha Katiba, kwamba jeshi halina kiti, nikaona ananitazama miguu kwa upole, na nikaelewa kwa nini sasa kiti anacho. Jeshi lilikuwa limeshasimama pale mbele, ndani ya suti yangu.

Wakamleta Ngwali.

Hakuwa amezeeka. Alikuwa vilevile, na shati lilelile la siku ya kamba, limefuliwa na kupigwa pasi. Wasiwasi wangu wote ulikuwa wa majeraha, na sikuona jeraha lolote. Saumu alimkimbilia. Akamshika mabega, akamwita shemeji, shemeji, akamwambia wameshamaliza, twende nyumbani, mwanao ana ndevu, utamcheka. Ngwali hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi, juu kidogo ya nyusi, mahali ambapo nami nilifundishwa kutazama.

“Kaka,” nikasema.

Visigino vyake vikagongana. Katika chumba kile, na mawaziri wamesimama, na chai aliyoletewa Jenerali inatikisika kikombeni, mtu pekee niliyewahi kumjua ambaye alilikataa neno lile alilisema kwa sauti kubwa, safi, bila kigugumizi.

“Ndiyo, afande!”

“Ngwali, ni mimi. Mdogo wako.”

“Ndiyo, afande!”

Alikuwa amesimama mguu sawa, mgongo umenyooka kupita kiasi, na magoti yalikuwa yameanza kutetemeka. Jasho lilimshuka shavuni, hakulifuta.

“Naomba ukae, shemeji,” alisema Saumu, akimvuta mkono. “Naomba. Hakuna mtu hapa. Ni sisi tu. Naomba ukae.”

Hakusikia. Nililitafuta lile ‘naomba’ la Saumu ili na mimi niliseme, nikalitafuta kila mahali linapokaa, na mahali pake palikuwa patupu. Magoti ya kaka yangu yalizidi kutetemeka. Saumu aligeuka, akanitazama, na macho yake yalikuwa yananisihi nisifanye lile analoliona nataka kulifanya, na yananisihi nilifanye.

“Mguu pande,” nikasema.

Mguu wake wa kushoto ukatoka pembeni, mikono ikaenda mgongoni, na kaka yangu akapumua.